Anzieni kwenye Kufuli: Hotuba kuhusu Viegesho vya Baiskeli

Mheshimiwa mwenyekiti, wahandisi wa barabara, wasanifu majengo, mafundi wa kuchomelea mlioacha kazi zenu asubuhi hii ili mje kutusikiliza, na ninyi waendesha baiskeli mlioketi nyuma ingawa mlistahili kuketi mbele: nawasalimu nyote.

Nimeombwa nizungumzie kiegesho cha baiskeli. Katika michoro mingi ya mitaa ambayo nimewahi kuipitia, kifaa hiki hupewa mstari mmoja, tena chini kabisa, baada ya mabenchi na mapipa ya taka: "viegesho vya baiskeli, idadi 10". Basi. Haikuandikwa ni vya namna gani, vitasimama wapi, wala vitashikiliwa na nini ardhini. Mkandarasi anafungua katalogi, anachagua cha bei ya chini au chenye umbo la kupendeza, anakipachika palipobaki wazi, na kazi inahesabiwa imekwisha. Miezi michache baadaye viegesho vimesimama vitupu, huku baiskeli zimefungwa kwenye nguzo ya taa hatua chache kutoka hapo. Lawama zinaanza: waendesha baiskeli hawana nidhamu.

Mimi nasema wana akili. Aliyefunga baiskeli yake kwenye nguzo ya taa amepiga hesabu, na hesabu yake ni sahihi kuliko ya mchoro wetu. Ana baiskeli ya kilo 12 hadi 15, au yenye mota inayofika hata kilo 25. Ana kufuli moja. Anataka mambo mawili: akirudi aikute, na aikute nzima. Ili aikute, kufuli lazima lishike fremu pamoja na kitu kisichong'oka. Ili aikute nzima, baiskeli lazima isimame bila kuanguka hata ikigongwa na mpita njia au ikasukumwa na upepo. Kiegesho kinachompa yote mawili atakitumia bila kuhimizwa. Kinachomnyima mojawapo, atakipita tu.

Ndiyo maana nawaomba tuanze usanifu kwenye kufuli, kisha twende kwenye baiskeli, na chuma tukifikie mwisho. Tumezoea kufanya kinyume chake.

Chukueni lile kufuli gumu la umbo la U. Mara nyingi nafasi yake ya ndani ina upana wa sentimita 10 na urefu wa sentimita 20 hivi. Ndani ya nafasi hiyo ndogo lazima viingie vitu viwili, bomba la fremu na chuma cha kiegesho, na ikiwezekana cha tatu, gurudumu la nyuma. Bomba la kiegesho likiwa na kipenyo cha sentimita 5, kufuli linapita na fremu inabaki na nafasi yake. Likiwa la sentimita 9, kwa sababu msanifu alitaka lionekane imara, mwenye kufuli la U hana pa kulipitishia. Itabidi atumie mnyororo, na mnyororo mwepesi hukatwa kwa mkasi wa chuma kwa muda mfupi kuliko anaotumia mwenyewe kuufunga. Unene uliowekwa kwa ajili ya usalama umeuondoa usalama wenyewe. Na baiskeli zenye mota zimeleta mabomba ya fremu manene zaidi kwa sababu ya betri iliyofichwa ndani, kwa hiyo hapa hatuna sentimita ya kuchezea.

Sasa tutazame aina iliyoenea kuliko zote, na ambayo kwa maoni yangu haifai kununuliwa tena na mamlaka yoyote ya umma: kile kiegesho kifupi chenye mianya, ambacho gurudumu la mbele huchomekwa katikati ya vyuma viwili. Kimeenea kwa sababu ni rahisi kutengeneza, na kwenye karatasi kinabeba baiskeli nyingi katika eneo dogo. Lakini gurudumu la baiskeli limeundwa libebe mzigo kutoka juu kwenda chini. Spoku zimevutwa kwa kazi hiyo. Ubavuni ni dhaifu. Kushika baiskeli nzima kwa gurudumu la mbele peke yake ni kama kumshika mtu mzima kwa kidole kimoja: akipepesuka, kinachovunjika ni kidole. Kikapu kikiwa na mzigo, au jirani akivuta baiskeli yake na pedali ikanasa kwenye spoku zako, fremu inalala upande mmoja, rimu inapinda, na mwenye baiskeli anarudi kukuta gurudumu linayumba na kusugua breki. Kwa wenye breki za diski hali ni mbaya zaidi, maana ile sahani nyembamba ya breki huingia kwenye mwanya pamoja na gurudumu, na ikipinda kidogo tu breki zinaanza kulia.

Na hata kama gurudumu halikupinda, kufuli limeshika nini? Mwanya uko chini, fremu iko juu, na kufuli fupi halifiki. Wengi hulifunga kwenye gurudumu la mbele. Baiskeli nyingi siku hizi zina ekseli inayofunguliwa kwa mkono bila spana. Mwizi anafungua, anaacha gurudumu na kufuli pale pale, anaondoka na vilivyobaki. Mmeyaona magurudumu hayo ya pekee yaliyofungwa imara, yasiyo na baiskeli. Yangetosha kuwa ripoti ya ukaguzi.

Aina ya pili ni ile ya mawimbi, bomba moja lililokunjwa likapanda na kushuka. Inapendeza kwenye picha. Muuzaji husema wimbi lenye vilele vitatu linachukua baiskeli tano: kila bonde moja, kila kilele moja, zote zimesimama zikiwa zimelikabili bomba kwa pembe mraba. Jaribuni. Baiskeli ikiingizwa hivyo inaguswa mahali pamoja tu, hivyo gurudumu la mbele linageuka na baiskeli inaanguka juu ya jirani yake. Wanaoelewa huiegemeza baiskeli sambamba na bomba, mbele moja na nyuma moja, na kiegesho cha watu watano kimekuwa cha wawili. Msiwakemee. Wamekitumia kwa namna pekee ambayo baiskeli yao haianguki. Mkiona jambo hilo kwenye mtaa wenu, hesabuni wimbi kuwa nafasi mbili katika takwimu zenu kuanzia leo.

Kinachofanya kazi ni kitu cha kawaida kabisa: bomba moja lililokunjwa mara mbili kuwa U iliyopinduliwa, miguu yake miwili ardhini. Uingereza wanakiita kwa jina la mji wa Sheffield. Urefu wa kwenda juu ni sentimita 75 hadi 80, na wa ubavuni ni sentimita 70 hadi 100. Baiskeli inaegemea ubavu wake wote, fremu ikiguswa mahali pawili palipoachana, kwa hiyo haizunguki. Upande wa pili inakaa nyingine. Kufuli linaweza kushika fremu na gurudumu la nyuma kwenye mguu mmoja, na la pili, kwa mwenye nalo, likashika gurudumu la mbele kwenye mguu mwingine. Hakuna maelezo ya kusoma. Mgeni aliyefika mjini leo anaelewa papo hapo.

Naongeza kitu kimoja ambacho hugharimu kipande kifupi cha bomba: mtambaa panya, yaani upau wa kulala, ukiunganisha miguu miwili chini ya nusu ya kimo. Baiskeli ya mtoto ni fupi na fremu yake haifiki kwenye upau wa juu. Kwenye upau huu wa chini inapata pa kuegemea. Na kuna mtu mwingine ambaye hatumwazii tunapochora. Asiyeona anatembea na fimbo yake nyeupe ikipapasa chini. Kiegesho kisicho na upau wa chini ni uwazi. Fimbo inapita katikati ya miguu, halafu paja lake linagonga chuma. Upau uliowekwa chini unagongwa na fimbo kwanza. Kwa uchache, viegesho vya mwanzo na mwisho wa safu visikose upau huo.

Umbo la U si amri. Jiji la New York lilifanya shindano la usanifu, na mwaka 2008 washindi wakawa Ian Mahaffy na Maarten De Greeve waliokuwa wakifanya kazi Copenhagen. Kiegesho chao ni duara lenye upau katikati; kinafanana na gurudumu, na bado kinashika fremu. Mwaka huohuo mwanamuziki David Byrne alibuni viegesho tisa kwa ajili ya jiji hilo, kimoja kikiwa na umbo la alama ya dola kwa ajili ya Wall Street. Sina ugomvi na sanaa. Nina ugomvi na sanaa inayochora farasi au samaki, kisha ikatafuta pa kufungia baiskeli baadaye. Msanii apewe baiskeli na kufuli siku ya kwanza, kabla ya kalamu.

Somo kubwa kuhusu uimara lilitoka Toronto. Jiji hilo lilijaza mitaa yake viegesho vya nguzo moja yenye pete ya aluminiamu iliyosubiwa. Kwa miaka vilisifiwa, kwa haki: vilikuwa vidogo, vinaingia popote, na fremu ilishikwa vizuri. Mwaka 2006 ikajulikana hadharani kwamba mwizi akichomeka kipande cha mbao kwenye pete na kukisukuma kama wenzo, pete inakatika. Mbao tu. Kufuli la bei kubwa linabaki zima, limefunga hewa. Nguzo ilikuwa imara, kufuli lilikuwa imara, udhaifu ulikuwa kwenye kiungo. Kwa hiyo mkipokea mchoro wa kiegesho chochote, wekeni kidole kwenye kila kiungo na muulize: hapa panashikwa na nini, na mtu mwenye ubao wa mita moja na nusu atapafanya nini? U iliyokunjwa kutoka bomba moja inanipendeza kwa sababu hiyo hasa. Katika sehemu ambayo kufuli linakaa, haina kiungo.

Sasa niseme na mafundi. Rangi ya kawaida haidumu kwenye kiegesho, kwa sababu kila siku kinaguswa na minyororo, makufuli na pedali. Ikikwaruzwa, maji yanaingia na kutu inasambaa chini ya rangi. Chuma kichovywe kwenye zinki iliyoyeyuka, yaani zinki yenye joto la nyuzi 450 hivi, baada ya kazi yote ya kukata, kukunja na kuchomelea kwisha. Zinki ikikwaruzwa, ile inayozunguka jeraha huendelea kukilinda chuma kwa muda mrefu. Lakini tafadhali sana, toboeni matundu ya kupumulia kwenye kila bomba kabla ya kulipeleka kwenye kuchovywa. Bomba lililozibwa pande zote likiingia kwenye joto lile, hewa na unyevu uliomo ndani vinapanuka na linaweza kulipuka. Hilo ni suala la uhai wa wenzenu. Na matundu hayo yawekwe sehemu itakayofukiwa au itakayoelekea chini, ili baadaye maji ya mvua yasituame ndani na kuoza chuma kutoka pasipoonekana. Chuma cha pua nacho ni kizuri, ila bei yake ni kubwa, na mimi ningependelea viegesho vingi vya zinki kuliko vichache vya kung'aa.

Kuna wanaouliza kuhusu bomba la pembe nne badala ya la mviringo. Lina faida moja ya kweli: kile kifaa cha mafundi bomba kinachozungushwa ili kukata bomba la duara hakifanyi kazi kwenye pembe. Mwizi analazimika kutumia msumeno au grainda. Grainda nayo hukata karibu kila kitu, iwe kufuli au kiegesho, na hakuna chuma cha mtaani kitakachoishinda. Dhidi ya grainda silaha yetu ni mahali, na nitafika huko.

Kuhusu ardhi. Kiegesho ni imara kadiri ya shimo lake. Kwenye zege jipya, miguu ishuke sentimita 30 au zaidi, na kila mguu uwe na nondo fupi iliyopita kwa kukatisha karibu na mwisho, ili hata mtu akitikisa kwa siku nyingi mguu usichomoke. Kwenye sakafu iliyopo tayari mnaweza kutumia kitako cha bamba na bolti za kupanuka ndani ya zege. Hapo ndipo wizi wa kimyakimya unapotokea. Nati ya kawaida hufunguliwa kwa spana. Mwizi anaweza kuja usiku, akalegeza nati zote, akakirudisha kiegesho kikae kama kawaida, kisha akasubiri. Asubuhi mtu anafunga baiskeli yake vizuri kabisa kwenye chuma kisichoshikwa na chochote. Tumieni nati ambazo kichwa chake hukatika zikishakazwa, au chomeleeni nati kwenye bolti. Na bamba lisipachikwe kamwe juu ya matofali ya kupanga yaliyolazwa kwenye mchanga. Tofali litang'oka na bolti yake. Mimi mwenyewe kila ninapofunga baiskeli, hukishika kwanza chuma kwa mikono miwili na kukitikisa. Nawashauri waendesha baiskeli mjenge tabia hiyo.

Tufike kwenye mahali. Hapa ndipo viegesho vizuri vinapoharibiwa na sentimita chache.

Baiskeli ya kawaida ina urefu wa mita 1.8 hivi, na usukani wake una upana wa sentimita 60 au zaidi. Mkiweka viegesho viwili kwa umbali wa sentimita 60, kila kimoja kikitakiwa kubeba baiskeli mbili, mnataka usukani nne ziingie mahali pa mbili. Zitanasana. Mwenye haraka atavuta kwa nguvu, waya wa breki wa jirani utakatika. Umbali kati ya kiegesho na kiegesho uwe mita moja. Nimeshaona watu wakisongeza safu ili waongeze idadi kwenye ripoti, na matokeo yake kila kiegesho kinabeba baiskeli moja badala ya mbili. Wamelipia chuma mara mbili ili wapate nafasi zilezile.

Ukuta nao. Kiegesho kikiuelekea ukuta kwa ncha yake, yaani kwa pembe mraba, chukueni mita 1.8 za baiskeli, toeni urefu wa chuma, gaweni kwa mbili. Kwa chuma cha sentimita 80, baiskeli inatokeza sentimita 50 kila upande. Sentimita 60 hadi ukutani ni kiwango cha chini, na zaidi ni bora. Kikiwa sambamba na ukuta, acheni sentimita 90, la sivyo upande wa ndani haufikiki na mmepoteza nusu ya kiegesho. Kosa hili la ukuta nadhani ndilo la kawaida kuliko yote, na linatokea hivi: mchoraji anachora chuma bila kuchora baiskeli juu yake. Mchoro wowote wa maegesho usioonyesha umbo la baiskeli lenye vipimo urudishwe kwa aliyeuleta. Baada ya baiskeli kuchorwa ndipo pimeni njia ya miguu iliyobaki. Mita 2 ziwe huru, kwa sababu mwenye kiti cha magurudumu na mzazi mwenye kigari cha mtoto wanahitaji kupishana hapo. Kama hazipatikani, viegesho havina haki ya kukaa kwenye njia ya miguu. Vishuke barabarani.

Na kushuka barabarani ni jambo zuri kuliko wengi wanavyodhani. Nafasi ya kuegesha gari moja, yenye urefu wa mita 5 hivi, inatosha baiskeli kumi. Nafasi bora kuliko zote ni ile inayotangulia kivuko cha watembea kwa miguu. Gari likiegeshwa hapo, dereva anayekuja hamwoni mtoto anayetaka kuvuka, na mtoto hamwoni dereva. Ndiyo maana sheria za barabarani za nchi nyingi zinakataza kuegesha karibu na kivuko, na ndiyo maana madereva wanaegesha hapohapo palipobaki wazi. Jazeni kona hiyo viegesho. Baiskeli ni fupi na mtu anaona juu yake na katikati yake. Gari haliwezi tena kuingia. Kwa kazi moja mmepata maegesho na kivuko salama, bila kumchukulia mtembea kwa miguu hata sentimita moja. Wekeni ukingo au nguzo fupi upande unaokabili magari, ili dereva anayerudi nyuma asizigonge baiskeli, na hakikisheni viegesho havikai juu ya mfuniko wa mfereji.

Je, viegesho vyenyewe viwe karibu kiasi gani na mlango? Kwa anayekuja kununua kitu au kupeleka barua, mita 15. Zaidi ya hapo ataifunga kwenye uzio ulio karibu na mlango, na mimi pia ningefanya hivyo. Faida kubwa ya baiskeli ni kwamba inakufikisha mlangoni. Ukimwambia mtu azunguke nyuma ya jengo, kwenye kichochoro cha mapipa, umemnyang'anya faida hiyo na umempa mwizi faragha. Hapa ndipo jibu la grainda lilipo. Grainda inapiga kelele na kutoa cheche. Kiegesho kikiwa mbele ya dirisha, kwenye njia wanayopita watu, chini ya taa usiku, mwizi anahitaji ujasiri mwingine kabisa. Taa hiyo ni ya mwenye baiskeli pia. Mfanyakazi anayetoka zamu usiku, akainama kufungua kufuli huku mgongo ukielekea giza, anajua ninachosema.

Anayeacha baiskeli kutwa nzima ana mahitaji mengine. Huyo yuko tayari kutembea kidogo zaidi akipata paa na ulinzi. Waholanzi wamelipeleka jambo hili mbali. Chini ya eneo la stesheni kuu ya Utrecht kuna maegesho ya baiskeli 12,500, yaliyokamilika mwaka 2019. Unaingia ukiwa umepanda baiskeli, alama za kielektroniki zinakuonyesha safu yenye nafasi, na saa 24 za kwanza ni bure. Amsterdam, Januari 2023, walifungua maegesho ya baiskeli 7,000 chini ya maji mbele ya stesheni yao kuu. Tokyo, kwenye stesheni ya Kasai, mashine zinaichukua baiskeli na kuishusha chini ya ardhi, na kuirudisha unapoihitaji. Ninayataja haya kwa heshima, lakini naomba msianzie hapo. Kinachofaa kuigwa Utrecht leo ni ile hali ya kutoshuka kwenye baiskeli mpaka ufike kwenye nafasi yako, na kwamba ukishaiweka uko karibu na treni. Hilo linawezekana hata kwenye banda la baiskeli thelathini. Ngazi mbili kwenye mlango wa banda zinatosha kulifanya lisitumike.

Mtajuaje ni viegesho vingapi na wapi? Tembeeni. Nendeni asubuhi kazi zikishaanza, nendeni jioni, nendeni siku ya mapumziko, mkiwa na ramani ya mtaa na penseli. Kila baiskeli iliyofungwa kwenye nguzo, uzio, alama ya barabarani au mti, ichoreeni nukta. Mti usipuuzwe: mnyororo unaosugua gome kila siku unaujeruhi, na mti hauna gome la akiba. Baada ya siku chache nukta zitakuwa zimejikusanya. Pale zilipojikusanya, wenye baiskeli wameshapiga kura, na tofauti na mikutano ya maoni, hii wamepiga na mali yao. Wekeni viegesho hapo hapo, siyo mahali panapowapendeza watunza bustani. Halafu rudini kuhesabu baada ya kuvisimika. Safu ikijaa zaidi ya robo tatu mara kwa mara, ongezeni. Anayefika wa mwisho asikute pamejaa. Na mkiondoa nguzo zozote mtaani, hesabuni kwanza baiskeli zilizokuwa zikizitegemea. New York walipobadilisha mita za kuegesha magari, vile visanduku vya kulipia maegesho vilivyo juu ya nguzo, waligundua kwamba nguzo zake zilikuwa maegesho ya baiskeli kwa muda mrefu, na baadhi wakazibakiza na kuzifunga pete.

Jambo moja linaniuma na sitalipitia haraka. Viegesho vyetu vingi vimechorwa kwa ajili ya mtu mmoja: kijana, mwenye nguvu, mwenye baiskeli nyembamba ya magurudumu mawili. Lakini barabarani kuna mama mwenye baiskeli ndefu yenye sanduku la watoto mbele, mita 2.5 au zaidi. Kuna mzee wa baiskeli ya magurudumu matatu. Kuna mtu asiyetumia miguu, anayeendesha kwa mikono, na baiskeli yake ndiyo miguu yake. Hawa hawawezi kuiinua baiskeli, hawawezi kuiegesha kwenye safu ya juu ya kiegesho cha ghorofa, kile kinachopanga baiskeli moja juu ya nyingine, na wakikosa nafasi hawana mpango wa pili. Kila safu iachwe nafasi pana mwishoni, angalau mita 1.5 kwa upana, yenye alama, isiyo na ukingo wa kupanda. Msiiweke pekee kona ya mbali. Anayetembea kwa taabu ndiye anayestahili kuwa karibu na mlango.

Utunzaji nautaja kwa kifupi kwa sababu ni kazi ya ratiba. Baiskeli zilizotelekezwa, zenye matairi yaliyolala na vumbi kwenye kiti, zifungwe karatasi yenye tarehe, zisubiriwe muda uliotangazwa, kisha ziondolewe na zihifadhiwe kabla ya kutolewa kwa mwingine. Zikiachwa zinakula nafasi, na zinamwambia mwizi kwamba hapa hakuna anayetazama. Bolti zikaguliwe kwa ratiba ileile ya taa.

La mwisho ni kwa mnaosaini malipo. Siku ya kukabidhiwa kazi, msiende na faili peke yake. Nendeni na baiskeli ya mtu mzima yenye kikapu, ya mtoto, na moja ndefu ya mzigo. Nendeni na kufuli fupi la U. Jazeni safu nzima, nafasi zote zilizoandikwa kwenye mkataba, kisha mwambieni mkandarasi mwenyewe afunge fremu na gurudumu kwenye kiegesho cha katikati, na aitoe tena baiskeli hiyo bila kugusa za jirani. Tikiseni kila chuma. Kisha mmoja wenu apite pembeni amefumba macho, akiwa na fimbo. Panaposhindikana pasainiwe kwamba pameshindikana, na parudiwe.

Fundi wetu amesimamisha viegesho vitatu pale uani, kimojawapo cha mianya, na baiskeli zipo. Tutoke tukavijaribu kabla ya maswali. Asanteni sana.